Kusimama ku Mulango

Hapa Baraka, katika mtaa wetu, mtu akikosa bahati tunasema alisimama ku mulango. Mgeni akisikia hivyo hudhani kuna mlango fulani wenye mikosi. Mlango upo, lakini hauna kosa lolote. Ni mlango wa studio ya Fotografe, uko upande wa mkono wake wa kushoto anapopiga picha, na kila aliyesimama upande ule, hata mbali na studio, kwa miaka mingi alikatwa. Wengine walikatwa bega, wengine uso mzima. Mjomba wangu mmoja yumo katika picha ya harusi ya binti yake kama kiwiko tu, na picha hiyo imetundikwa sebuleni kwake, na wageni huonyeshwa.

Hakuna aliyemwita kwa jina. Watoto, wachungaji, mashehe, wauza samaki wadogo wa ndagala, hata mke wake, wote walimwita Fotografe. Nilikuwa jirani yake. Studio yake na chumba changu cha kusukia nywele viligawana ukuta mmoja wa mbao, kwa hiyo nilisikia kila alichowaambia wateja wake, naye alisikia kila tulichosema juu yake, na hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Bibi harusi alipita kwangu kwanza, akatoka kichwa kinamuuma, akaingia kwake, akaambiwa asikunje uso. Ndivyo tulivyofanya kazi pamoja. Mama yangu alitaka kwa Fotografe kitu kimoja tu: picha ya karatasi yenye watoto wake wote watano. Isingekuwa picha hiyo, nisingejisumbua kueleza habari za mtu aliyenikata mara tatu.

Kwanza kamera, maana bila kamera huwezi kumwelewa. Ilikuwa ya zamani, ya chuma, nzito mkononi. Ukichungulia ndani yake, mtu mmoja unamwona wawili, mmoja amefifia kidogo pembeni mwa mwenzake, nawe unazungusha kioo cha mbele taratibu mpaka wale wawili walaliane na kuwa mmoja. Hapo ndipo picha itatoka safi. Kazi hiyo Fotografe aliifanya kwa sauti. "Bado uko babili," alimwambia mteja. "Bado... bado... Aa, sasa uko mumoja." Aliyasema hayo popote alipokuwa, hata kanisani. Siku moja mbele ya madhabahu, bwana na bibi harusi wamekwisha kula kiapo, mchungaji amekwisha kutangaza, kanisa zima limenyamaza, Fotografe akasema jicho likiwa ndani ya kamera, "Bado, bado muko bane." Ndugu wa pande zote mbili walianza kutazamana, kila upande unatafuta hao wawili wengine ni nani. Mchungaji alimkataza kuingia na kamera mpaka Pasaka.

Kwa kundi la watu alikuwa na kioo kingine, kipana, cha kuingizia watu wengi katika chumba kidogo. Shida ni kwamba kidirisha cha kamera hakikukijua kioo hicho. Kidirisha kinaonyesha watu wanne, kioo kipana kinachukua saba. Ili kujua nani hasa ameingia, Fotografe alihitaji jicho lingine, kidude cha kuchungulia chenye ukubwa wa kidole gumba, kinachochomekwa juu ya kamera kwenye kijia cha chuma. Na ndani ya nyumba, ambamo ni giza, alihitaji flashi. Flashi nayo ilichomekwa juu ya kamera, kwenye kijia kilekile. Kijia kilikuwa kimoja. Zamani flashi ilikuwa na waya wake, ingeweza kukaa popote, lakini waya uliliwa na panya, na Baraka nzima haikuwa na mwingine kama ule.

Mtu mwingine angechagua kimoja: ama aone, ama awashe. Fotografe alikata kipande cha karia ya baiskeli, akakikunja, akakitoboa, akakifunga kwa skrubu chini ya kamera kikapanda ubavuni upande wa kushoto, na juu yake akalifunga lile jicho. Flashi ikabaki mahali pake. Aliupenda ufundi ule kuliko watoto wake. Hayo ni maneno ya mke wake, si yangu. Na kwa muda fulani picha zilitoka zimekamilika. Ninazo mbili za wakati huo, watu wote wamo, mpaka unashangaa.

Halafu akaanguka na pikipiki kwenye mteremko wa kutoka Fizi, alikokwenda kupiga picha za wanafunzi waliomaliza shule. Aliumia goti. Kamera aliikumbatia kifuani, haikupata hata mkwaruzo. Kile chuma cha pembeni ndicho kilichopinda, kidogo sana, kwa macho usingetambua. Tangu siku ile jicho likawa linatazama kushoto kidogo, kamera inatazama mbele, na kati ya hivyo viwili mtu mmoja akawa anapotea. Upande wa pili, badala ya mtu, picha ilipata ukuta ambao hakuna aliyeuomba.

Tulimwambia. Bila shaka tulimwambia, mwanzoni kwa heshima. "Mi sikati muntu," alijibu. "Batu benyewe banasogea." Fundi wa baiskeli alijitolea kukinyoosha kile chuma kwa nyundo, mara moja tu, tena bure. Fotografe hakumsalimia tena. Mke wake aliwahi kumwonyesha picha kumi za watu kumi waliokatwa upande uleule, akizipanga mezani moja baada ya nyingine. Alizitazama zote kwa makini, akasema, "Unaona? Bote banasogea upande mumoja. Njo tabia ya batu ba hapa." Akaenda kula bugali.

Basi watu wakajipanga wenyewe. Sisi watu wa Baraka tumepita mengi, hatushindwi na kipande cha karia. Palipohitajika mtu wa kusimama ku mulango, tuliweka bidoni, dumu la maji. Ukiingia nyumba yoyote ya mtaa wetu ukaona picha ya familia, na pembeni nusu ya bidoni ya njano, jua ni kazi ya Fotografe. Yeye hakupenda bidoni. Alisema inaharibu heshima ya picha. Lakini hakuweza kueleza kwa nini iondolewe, maana kama hakati mtu, hata bidoni haidhuru, na kama inadhuru, basi anakata. Aliiacha.

Kwaya ya kina mama haikutaka bidoni, ilitaka haki. Walikubaliana kupokezana. Lakini kila mwaka, flashi ikianza kulia ule mlio wake mwembamba wa mbu, yule wa mwisho alivuta hatua moja ndani, aliyefuata naye akavuta, na kufikia wakati wa kupiga, kwaya nzima imejikunja kama ushanga. Katika picha ya mwaka mmoja hakuna aliyekatwa, ila wanaimba wakitazamana.

Kisha kuna habari ya mgeni mkubwa aliyetoka mjini. Sitasema alikuwa mkubwa wa nini. Itifaki ilimtaka akae mwisho wa mstari, mkono wa kuume wa wenyeji, na mwisho ule ulikuwa ku mulango barabara. Wote tulijua. Mwenye kikao alijua, wazee walijua, mimi niliyeletwa kupamba vichwa vya kina mama nilijua. Nani angemwambia mkubwa, "Samahani, hapo ni pa bidoni"? Picha ilitoka na wenyeji wote wameketi, wamejaa heshima, wamegeuza nyuso kidogo kumwelekea mtu ambaye hayupo. Ilibaki ncha ya kiatu. Fotografe aliipeleka mwenyewe, bila wasiwasi, akamwambia mkubwa, "Mukubwa, mulisogea." Na yule mkubwa, ambaye ndani ya wiki moja alikuwa amezungukwa na watu wasiothubutu kumwambia chochote, alifikiri kidogo, akasema labda ni kweli. Nasikia picha ile ilitundikwa ofisini.

Alikuwepo mtu mmoja tu aliyependa ku mulango. Alikuwa akienda na kurudi Lulimba kwa mambo ya dhahabu, na hakuna karamu aliyoikosa, wala hakuna picha ya karamu utakayomwona. Alisimama pale kwa hiari yake, ametabasamu. Fotografe alimsifu mbele yetu kama mfano: "Ule muntu hana kelele."

Haya yote huenda yakakufanya umwone kuwa mtu mgumu. Alikuwa mgumu. Alikuwa na ziwa lililochorwa ukutani mwa studio, buluu kali, na mtumbwi mmoja, ilhali ziwa lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba, unasikia wavuvi wakigombana. Nilimuuliza kwa nini asiwapeleke watu pale nje. "Ya inje inasogea sana," akasema. Aliwanyoosha watu kola, akawainua kidevu kwa kidole kimoja, akawakataza kucheka. Kwake meno yalikuwa ya kulia chakula. Lakini yeye mwenyewe hakuweza kusimama tuli hata kidogo. Alitikisa mguu, alivuta sikio, aliimba nyimbo za kanisani akiruka beti asizozipenda. Mke wake alisema hata usingizini anapanga watu.

Simu hakuzichukia, kinyume cha watu wanavyodhani. Alikuwa na simu nzuri kuliko yangu, na aliitumia kupiga picha za mbuzi wake, ili akiibiwa aweze kuonyesha. "Simu ni ya mbuzi," alisema. "Mbuzi haitake kumbukumbu." Filamu aliletewa na mpwa wake kutoka Bujumbura, kila mara chache kuliko mara iliyotangulia, akazitunza ndani ya chungu cha maji ya baridi, zimefungwa vizuri kwa nailoni. Betri za flashi zikichoka alizianika juu ya bati langu. Nilimwambia bati langu si la kila mtu. Kesho yake nilizikuta pale tena, zimepangwa vizuri zaidi.

Na alikuwa na upande ambao hakutaka uonekane. Kwenye kilio hakuwasha flashi kamwe. Familia ikimwita kupiga picha ya marehemu, aliomba dirisha lifunguliwe, akangoja mwanga wa asubuhi hata kama ni kungoja na njaa, na wakati wote huo hakusema neno la ubabili wala la umoja. Nilimwona akifanya hivyo kwa mtoto wa jirani yetu. Alipotoka nje alinikaripia kwa sababu kuku wangu walikuwa wanapiga kelele. Sikuwa na kuku.

Sasa mama yangu. Miaka ya vita tulivuka ziwa, na tuliporudi hatukurudi wote. Dada yangu mdogo aliolewa huko Kigoma akabaki. Kaka yetu mkubwa alikwenda Lulimba kuuza vyakula kwa wachimbaji. Mmoja alipata kazi ya kufundisha Kilembwe, na mwingine aliolewa Lusenda, kambi ya wakimbizi ilipokuwa bado mpya na biashara imechangamka. Mimi nilibaki Baraka na mama na baba. Mama hakulalamika kamwe, ila kila aliposikia mmoja wetu anakuja, alituma mtu kwa Fotografe kuuliza kama filamu ipo.

Mara ya kwanza walikosekana wawili. Mara ya pili tulikuwepo wote, kwenye harusi kule Lusenda, naye Fotografe alikuwepo, na bidoni ilikuwepo, mpaka wapishi walipoichukua kwenda kuchota maji. Nilisimama ku mulango mimi. Picha ilitoka na watoto wanne wa mama, na pembeni kipande cha kitenge cha maua. Mama aliitundika, na wageni walipokuja aliwataja wote kwa kidole, na akifika kwenye kitenge alisema, "Na huyu njo Mama Neema," yaani ndiye mimi. Watu walinipa pole.

Baba alipofariki walikuja wachache, njia ilikuwa mbaya. Lakini siku ya kumaliza matanga tulikuwepo wote watano, na dada yangu wa Kigoma ndiye aliyekuja wa mwisho, amelowa mpaka kwenye mifupa. Mama alikuwa amevimba miguu miezi mingi. Alitembea kutoka kitandani hadi sebuleni, na hapo ndipo ulipokuwa mwisho wa safari zake. Kaka alishauri tumbebe na kiti tumtoe uani, kuna mwanga, mtu yeyote mwenye simu atatupiga.

"Siku mutanibeba kunitosha inje," mama alisema, "mi sitakuwa naangalia."

Na za simu hakuzitaka. Macho yake hayakuona kitu kwenye kioo cha simu ila uso wake mwenyewe ukimulika. Za kuchapishwa kutoka kwenye simu alikuwa nazo mbili, zimekwisha kuwa nyeupe. Alitaka ya Fotografe. Maana yake ni ndani ya nyumba, sebule nyembamba kama njia ya mbuzi, kioo kipana na flashi kwa pamoja. Maana yake ni kile chuma.

Nilikwenda kumwona kabla. Niliingia kwa mlango, sikusemea ukutani, ili ajue ni jambo zito.

"Papa," nikamwambia, kama tunavyomwita mzee yeyote kwa heshima, "bote bako hapa, na kesho kutwa banarudi. Mama anagonjwa. Sijue kama tutakuwa tena bote. Nakuomba, hii mara moja tu, tunyoloshe ile chuma."

"Chuma iko sawa. Ni we njo ulisogea kule Lusenda."

"Nilisogea wapi, Papa? Nilikuwa nimeegemea ukuta."

"Na ukuta," akasema.

Nilirudi nyumbani nimekasirika mpaka nikaunguza mboga ya sombe. Sikuogopa aibu ya picha mbaya. Hiyo tulikwisha kuizoea. Niliogopa kwamba mama angepewa tena watoto wanne na kitenge, na safari hii hakungekuwa na mara nyingine.

Alikuja asubuhi, mvua inanyesha, kamera chini ya koti. Alisalimia wote kwa mkono, akampa mama pole ya matanga, akaanza kuvuta meza nje. Tulipanga kiti cha mama katikati, sisi nyuma yake, na kaka akaleta bidoni. Haikuingia. Sebule ilikuwa fupi. Ukiweka bidoni, mtoto mmoja anabaki jikoni. Tuliisukuma huku na huku, tukaibana, mwisho tukaitoa. Ikabaki nafasi moja ku mulango, na sisi watano tukaitazama.

"Akae kadogo," kaka alisema, akimwonyesha mdogo wetu.

"Nimevuka ziwa na mvua nikuye kukatwa?" dada wa Kigoma akaanza kulia.

"Mi nitasimama pale," nikasema. "Mi, mama ananiona kila siku, amesha hata kuchoka."

Mwalimu wa Kilembwe akapendekeza tupige kura, kwa sababu ndivyo walimu walivyo. Fotografe alikuwa ameshikilia kamera, anatazama dari, anajifanya hasikii. Wakati tunabishana, mama alishika mkono wa kiti, akainuka. Tulidhani anataka maji. Alikwenda ameshika ukuta, mguu mmoja baada ya mwingine, akafika ku mulango, akageuka, akajiweka sawa kitambaa cha kichwa.

"Bale batano baingie katikati," akasema. "Mi ntasimama hapa."

"Mama, hapo utakatwa!"

Neno hilo hakuna aliyewahi kulisema mbele ya Fotografe akiwa na kamera mkononi. Nilimwona akivuta sikio lake.

"Hakuna muntu anakatwa," akasema, taratibu.

"Papa, we piga tu," mama akamwambia, bila ubaya wowote, kama mtu anayemfariji. "Mi sura yangu naijua. Nataka ya bale."

Alipiga. Alifanya kama alivyofanya siku zote: akatuunganisha kwa sauti ndogo, akahamisha uso kwenye lile jicho la pembeni, mguu unatikisika, flashi ikalia, mwanga ukapita. Tukapumua. Kaka alikwisha kuanza kuvaa viatu.

Fotografe hakushusha kamera. Alisimama palepale, amebaki kuchungulia kwenye lile jicho ingawa hakuna cha kuchungulia tena. Kisha akatuambia tusiondoke. Akageuza kamera chini juu, akafungua skrubu kwa kucha, akakitoa kile chuma na kukiweka dirishani. Akatoa flashi. Akalichomeka lile jicho dogo juu ya kamera, kwenye kijia, mahali lilipotengenezewa kukaa, akalitumbulia macho muda mrefu, akarudi nyuma mpaka kisogo kikagusa ukuta. Akasimama imara. Mguu haukutikisika. Halafu, bila kusogeza hata kidole cha mguu, akalitoa jicho, akarudisha flashi, na sasa hakuwa na mahali pa kuchungulia. Alishikilia kamera chini ya kidevu na kumtazama mama kwa macho yake mawili matupu. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuyaona yote mawili wakati anapiga picha. Yalikuwa madogo, mekundu, ya mtu mzee.

"Mama," akasema, "bakia vile."

Mwanga ukapita. Alikusanya vitu vyake, akakataa chai, akaondoka na mvua. Kile chuma alikisahau dirishani, au alikiacha, sikumuuliza.

Ndugu zangu waliondoka kesho yake, kila mtu na njia yake. Picha alizileta Fotografe mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu wa mtaa wetu. Zilikuwa mbili. Aliketi kwenye ncha ya kiti akampa mama ya kwanza. Sote watano tulikuwemo, tumesimama wima, tunaitazama kamera kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Mama hakuwemo hata ukucha. Ukuta ulikuwepo.

"Hii, mama yako alisogea," Fotografe aliniambia mimi. Kisha akatoa ya pili. "Na hii, ni mi nilisogea."

Kwa hivyo alikiri, kwa namna ile ambayo yeye angeweza.

Katika ya pili mama yumo, mzima, kuanzia kitambaa mpaka kandambili, anatazama mbele kwa utulivu. Sisi watano hatutazami kamera. Wote tumegeuza vichwa, tunamtazama yeye. Hakuna aliyetuagiza. Ni kwamba kila mmoja wetu, kwa wakati mmoja, aligeuka kuhakikisha kama safari hii mama ameingia.

Mama aliisogeza ile ya kwanza karibu na dirisha, akatutaja kwa kidole mmoja mmoja mpaka watano. Nilipofikiwa nilitajwa kwa uso, si kwa kitenge. "Hii njo ilikuwa nataka," akasema. Alifurahi, na mimi nilifurahi kumwona amefurahi, nikamwambia hivyo. Ya pili aliitazama muda mrefu zaidi.

"Juu ya nini banani-angalia hivi," akauliza, "sawa muntu mwenye kuenda?"

Nilimwambia tulikuwa tunaangalia kama ameingia. Fotografe alivaa kofia yake, akasema mbuzi wanamsubiri.

"Basi hii ni yenu," mama akasema, akanipa.

Mvua za msimu ule hazikuwa zimekwisha mama alipotuacha. Safari hii kaka hakuwahi, dada wa Kigoma hakupata mtumbwi. Walipiga simu kila siku, na baada ya kulia wote waliomba kitu kilekile: ile picha ya pili, ya karatasi, kila mmoja na yake. Mimi nilikuwa na moja tu. Nilijua filamu zimekwisha, na dawa za kusafishia picha zilikuwa zimemwishia pia, maana nilikuwa nimesikia ukutani akimwambia mpwa wake hivyo. Nilikwenda kwake nikiwa sina tumaini, nikajiandaa kumbembeleza.

Nilimkuta amekaa mbele ya ziwa lake la ukutani. Hakunipa nafasi ya kuomba. Alifungua sanduku, akatoa bahasha, akaniwekea mkononi. Ndani kulikuwa na picha nne, ya pili ileile, zimekauka vizuri, zimekatwa kingo. Kwa kaka, kwa mwalimu, kwa Lusenda, kwa Kigoma.

Nilisimama pale nikilia, sikuona haya.

"Papa, ulizitosha siku gani?" nikamuuliza. "Na dawa imekwisha."

"Siku ile ile," akasema. "Mbele ya kuwaletea zile mbili."

"Lakini mama alikuwa angali mzima. Hakuna mtu alikuwa amekuomba."

Alitazama mikono yake.

"Ile siku nilimuangalia bila kitu ku macho," akasema. "Nilimuona."